Maji ya chumvi na kidonda: yanasaidia wapi, yanaishia wapi

Haya ni mazungumzo ya muuguzi wa afya ya jamii na wakazi wa Kitengela. Tumeyachapisha ili yawafikie pia wakazi wa Isinya, Kajiado mjini, Namanga, Loitokitok, Magadi, Ngong na kwingineko katika kaunti yetu. Maswali ya wakazi na majibu yake yako mwishoni.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba hapa hulifanya. Mtu akijikata kwa mabati au mtoto akianguka barabarani, maji yanawekwa jikoni, chumvi inatiwa, na kidonda kinaoshwa. Wengine husema ndiyo dawa waliyolelewa nayo. Wengine husema ni kumtesa mtoto bure. Leo tujibu maswali mawili: maji ya chumvi yanasafisha kidonda? Na je, yanaponya?

Nitatoa jibu kwanza, kisha maelezo.

Maji ya chumvi yaliyochanganywa kwa kipimo kizuri yanafaa kuoshea kidonda. Hata hivyo, kazi kubwa hufanywa na maji, si chumvi. Tena hayaponyi. Kinachoponya ni mwili wenyewe. Sisi tunauondolea uchafu ili ufanye kazi yake. Na kuna vidonda ambavyo ukikaa nyumbani kuviosha kwa maji ya chumvi, unapoteza saa ambazo zingeokoa mguu, au hata maisha. Hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa.

Kwa nini maji, na kwa nini chumvi

Mtu akianguka na pikipiki kwenye barabara ya Namanga, ngozi huchunika na ndani yake huingia vumbi, changarawe, nyuzi za nguo na damu iliyoganda. Viini vya magonjwa hujificha ndani ya uchafu huo. Maji mengi yanayomiminwa kwa nguvu kiasi huondoa uchafu, na viini huondoka nao. Kijiko cha maji hakitoshi hata kama kimejaa chumvi. Nusu lita inayotiririka inafanya kazi zaidi.

Chumvi basi ni ya nini? Machozi yana ladha ya chumvi, na damu vilevile. Chumvi iliyo katika damu yetu inakaribia gramu 9 kwa kila lita moja ya maji. Maji yakiwa na kipimo hicho, nyama iliyo wazi huyapokea bila kushtuka. Hayaingii ndani yake kuivimbisha wala hayaivuti maji yake kuikausha. Maji ya namna hiyo mmeyaona hospitalini katika chupa na mifuko ya dripu, na ndiyo tunayooshea vidonda vingi pale. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yafanane na mwili.

Ukizidisha, mambo hugeuka. Mnajua samaki hukaushwa vipi kwa chumvi: chumvi huvuta maji yote hadi nyama inakakamaa. Kidonda nacho ni nyama, na ndani yake mwili unajenga nyama mpya, laini, nyekundu. Ukimimina chumvi kavu au maji makali mno, unaikausha na kuiua nyama hiyo changa, na kidonda kinachelewa kupona. Kwa hivyo, wazazi, naomba tuache ule usemi kwamba kikiwasha ndiyo dawa inaingia. Kuwasha sana ni dalili kwamba kipimo kimepita.

Utafiti umesema nini? Wataalamu wa shirika la Cochrane, ambao hukusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzilinganisha, wamelichunguza jambo hili tangu mwaka 2002. Hawakuona kwamba maji safi ya mfereji, yale yanayofaa kunywa, huleta maambukizi zaidi kuliko maji ya chumvi. Maana yake ni kwamba kama una maji safi ya kunywa na huna chumvi, usisubiri. Osha.

Utafiti mwingine ulichapishwa mwaka 2015. Ulihusu wagonjwa zaidi ya 2,400 waliovunjika mifupa na ngozi ikapasuka, katika nchi tano zikiwemo Marekani, Kanada na India. Wengine walioshwa kwa maji ya chumvi ya kipimo cha mwili, wengine kwa sabuni iliyochanganywa humo. Katika kila 100 walioshwa kwa maji ya chumvi peke yake, karibu 12 walirudi kufanyiwa upasuaji tena ndani ya mwaka mmoja. Kwa wale wa sabuni walikuwa karibu 15. Kwa hivyo ndani ya kidonda cha kawaida, maji yanatosha. Sabuni itumie kwa mikono yako na kwa ngozi inayozunguka kidonda. Kuna kidonda kimoja ambacho ni lazima kioshwe kwa sabuni, nitakifikia.

Si kila chumvi ni chumvi

Hapa Kajiado neno "chumvi" lina mambo mengi, na mtu anaweza kukosea.

Kuna chumvi ya jikoni, ile ya pakiti, ambayo nyingi hutoka mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni kule Kilifi. Hiyo ndiyo ya kutumia. Iodini iliyotiwa ndani yake haidhuru kidonda.

Kuna magadi, yanayotoka ziwani kwetu. Magadi yanafanana na chumvi kwa macho, lakini ni kitu kingine kabisa. Hukata mafuta, hulainisha maharagwe na githeri, na hutumika kutengeneza kioo na sabuni. Kwenye nyama iliyo wazi magadi huunguza. Yasiguse kidonda.

Kuna chumvi ya mifugo, ya kulamba ng'ombe na mbuzi. Ina madini mengine, na mara nyingi imekaa zizini. Hiyo pia hapana.

Halafu kuna maji ya chumvi ya visima virefu, yale tunayouziwa na maboza na mikokoteni ya punda hapa Kitengela. Watu huniuliza: "Kama yana chumvi tayari, si ndiyo dawa yenyewe?" La. Hatujui yana chumvi kiasi gani, na kila kisima kina yake. Mengi yana pia madini ya floridi, yanayofanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Tena maji yakishasafirishwa kwenye boza, mtungi na tangi, yanaweza kuokota viini njiani. Kuchemsha huua viini lakini hakuondoi chumvi; maji yanapopungua sufuriani chumvi huzidi kukolea. Kama ni hayo tu uliyo nayo, yachemshe, yaache yapoe, oshea, lakini usiongeze chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa ni bora zaidi, na vilevile maji ya mtungi ya kunywa.

Namna ya kuyatengeneza

Chukua nusu lita ya maji safi. Yachemshe yatokote kwa dakika chache, sufuria ikiwa imefunikwa. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya jikoni, kisijae kwa mlima. Kifute kwa nyuma ya kisu kiwe sawa, kisha kipunguze kidogo. Koroga hadi chumvi yote iyeyuke. Acha yapoe, yawe vuguvugu au baridi.

Yatie kwenye chombo safi chenye kifuniko na uyatumie siku hiyohiyo. Yanayobaki mwaga, kesho utachemsha mengine. Andika juu ya chombo "YA KIDONDA" na ukiweke mbali na watoto. Maji haya si yale ya chumvi na sukari anayonyweshwa mtoto mwenye kuhara. Majina yamekaribiana lakini kazi ni tofauti, na mtoto akiyanywa haya anaweza kudhurika.

Namna ya kuosha

Kwanza, damu. Kama inatoka, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufungua kuchungulia. Kama inaruka au haikomi, acha habari za kuosha. Endelea kubonyeza na umpeleke mgonjwa hospitali.

Pili, nawa mikono kwa maji na sabuni.

Tatu, mimina maji, usichovye. Kidonda kikichovywa ndani ya beseni hukaa katika uchafu wake. Chukua chupa safi ya plastiki, toboa tundu dogo kwenye kifuniko, tia maji ya chumvi na uikamue ili yatoke kwa nguvu kiasi. Anzia katikati ya kidonda, uchafu uelekee nje. Tumia nusu lita yote, na zaidi kama bado unaona vumbi.

Nne, changarawe iliyobaki juu iondoe kwa kitambaa safi kilicholowa. Kilichozama ndani kama msumari, kioo au kijiti, usikichomoe. Hicho ni cha hospitali.

Tano, kausha ngozi ya pembeni, kisha funika kwa shashi au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi. Badilisha kila siku, au mapema zaidi kikilowa.

Usiweke petroli, mafuta ya breki, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa kapsuli za antibiotiki. Spiriti na dawa kali za kuua viini, zikimiminwa ndani ya kidonda, huua viini pamoja na nyama changa.

Mahali pengine maji ya chumvi yanaposaidia

Aliyeng'olewa jino asukutue kwa maji vuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, lakini aanze siku inayofuata. Akisukutua siku ileile, anang'oa damu iliyoganda ambayo ndiyo kizibo cha kidonda.

Mama aliyeshonwa baada ya kujifungua anaweza kukaa kwenye beseni safi la maji vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, kisha ajikaushe taratibu kwa kugusa, bila kusugua. Joto ndilo linalompa nafuu. Chumvi kidogo haina ubaya. Ila nyuzi zikiachia, pakitoka harufu mbaya au akipata homa, arudi kliniki siku hiyohiyo, asingoje siku ya kadi.

Vijana waliotahiriwa wafuate maagizo ya mhudumu. Wasianze kuosha kabla ya siku waliyoambiwa watoe bendeji.

Mahali maji ya chumvi yanapoishia

Sasa nisikilizeni vizuri.

Kuumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini. Hiki ndicho kidonda cha sabuni. Osha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa, maana sabuni huharibu kirusi cha kichaa cha mbwa. Kisha nenda hospitali ukaanze chanjo siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo tu, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima, na umalize sindano zote utakazopangiwa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Tutalifikia tukichanja mbwa wetu, na kila aliyeumwa akienda hospitali.

Kuumwa na nyoka. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usiweke jiwe jeusi wala chumvi. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Mgonjwa asitembee wala kuhangaika. Mguu au mkono ulioumwa usitikiswe, na mwende hospitali. Swila akikutemea machoni, osha macho kwa maji safi mengi yasiyo na chumvi, kisha nenda ukapimwe.

Kuungua. Weka chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitie chumvi, dawa ya meno, yai wala barafu.

Kidonda kirefu, au kilichotobolewa na msumari au mwiba. Juu kinaonekana kidogo, lakini ndani maji hayafiki. Viini vya pepopunda huishi udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, na hupenda mahali pasipo na hewa. Watu wengi huogopa kutu. Kutu si kisa. Kisa ni udongo ulioingia na msumari, hata uwe mpya. Chumvi haizuii pepopunda, chanjo ndiyo huzuia. Kama kidonda ni kichafu na imepita miaka 5 tangu uchanjwe, au hukumbuki ulichanjwa lini, nenda ukachomwe sindano.

Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari. Wengi hawasikii maumivu, kwa hivyo hudhani ni kidogo. Usiloweke mguu kwenye maji ya moto ya chumvi. Unaweza kuungua usijue. Kidonda cha siku moja kipelekwe kikaangaliwe. Miguu mingi inayokatwa ilianza na kidonda kilichooshwa nyumbani kwa wiki kadhaa.

Kitovu cha mtoto mchanga. Usiweke kitu chochote ila dawa uliyopewa kliniki.

Na kwa kidonda chochote: wekundu unaosambaa, joto, uvimbe, usaha, harufu, mistari myekundu inayopanda mwilini, homa, au kidonda kisichoonyesha nafuu baada ya wiki mbili. Ukiona moja kati ya hayo, weka chupa chini na uondoke nyumbani.

Maswali ya wakazi

Mama mmoja aliuliza: Kidonda si kiachwe wazi kipate hewa kikauke?

Asante, mama. Sote tuliambiwa hivyo. Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza, George Winter, alilinganisha vidonda vya nguruwe vilivyofunikwa na vilivyoachwa vikauke. Ngozi mpya ilifunika vile vyenye unyevu kwa karibu nusu ya muda. Gaga gumu ni ukuta ambao ngozi mpya inalazimika kupita chini yake. Kwa hivyo funika, badilisha kitambaa, na usiache kilowe chapachapa. Na huku kwetu kufunika kuna faida nyingine: kunazuia vumbi na nzi.

Kijana wa boda boda aliuliza: Nikianguka mbali na nyumbani, sina maji ya chumvi, nifanye nini?

Chupa ya maji ya kunywa ya dukani inatosha. Mimina yote, funika, kisha ukaangaliwe. Weka shashi na bendeji kwenye pikipiki yako. Na ukiwa umegonga kichwa, kidonda cha goti si habari. Habari ni kichwa.

Mzee aliuliza: Zamani tulitumia miti yetu na watu walipona. Mbona mnatukataza?

Mzee wangu, sikuja kudharau ujuzi wa wazee. Wengi walipona kwa sababu mwili unajua kujiponya, na baadhi ya miti ina nguvu yake. Shida ni kwamba mizizi iliyosagwa huja na udongo, na udongo una pepopunda. Nakuomba jambo moja tu: kidonda kilicho wazi kisiwekwe kitu chochote kutoka ardhini.

Mama mwingine aliuliza: Niendelee kuosha kwa maji ya chumvi hadi lini?

Mara moja kwa siku, unapobadilisha kitambaa. Kidonda kikishakuwa chekundu, safi, kisicho na usaha, hakihitaji kusumbuliwa sana. Kikifunga, acha.

Mwisho

Kabla ya kwenda hospitali, unaweza kumuuliza mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Amefundishwa kuangalia kidonda na kukuelekeza. Kwa kidonda kidogo, zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha. Kwa kuumwa na mbwa au nyoka, mfupa uliovunjika au damu isiyokoma, nenda moja kwa moja hospitali kubwa iliyo karibu: ya kaunti ndogo hapa Kitengela, ya rufaa Kajiado mjini, au zile za Ngong na Loitokitok.

Chumvi ya jikoni ina kazi yake, nayo ni kuyafanya maji yauelewe mwili. Tusiipe kazi ya chanjo, wala kazi ya daktari.